Binti yangu amegawanya hadi usiku, namba haigawanyiki: je, ni tasa?

"Shikamoo mwalimu. Mimi ni mama wa watoto watatu, nauza dagaa Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza. Siku hizi ni mbalamwezi, mitumbwi ya dagaa haiendi ziwani, kwa hiyo jioni nakaa nyumbani na binti yangu aliye kidato cha tatu. Mwalimu wao wa hisabati aliwapa namba 4,294,967,297 akawaambia waseme kama ni namba tasa au siyo. Binti yangu aliigawanya kwa namba tasa zote kuanzia 2 hadi 97, kila mara kunabaki kitu. Akaandika kuwa ni tasa. Amewekewa kosa, na mwalimu hakusema inagawanyika kwa ngapi, kawaambia watafute. Tangu hapo mtoto halali, daftari limejaa. Jirani anasema namba kubwa inayoishia na 7 huwa tasa siku zote. Mpwa wangu aliiandika kwenye simu ikamletea herufi E na 9, akasema hata simu imeshindwa. Kijana mmoja hapa sokoni anasema namba za namna hii zina bahati, watu wanazitumia kubeti. Mimi niliishia darasa la saba. Naomba uniambie: mtoto alikosea wapi, hiyo ni namba ya aina gani, kuna njia ya kujua bila kugawanya mpaka uzee, na je, nimtafutie twisheni?"

Marahaba, mama. Nakupa jibu kwanza ili moyo utulie: namba hiyo si tasa. Mwalimu wa binti yako yuko sahihi. Inagawanyika kwa 641, na ukiigawanya unapata 6,700,417 bila baki lolote. Shika simu yako, zidisha 641 kwa 6,700,417, utaona 4,294,967,297 inarudi nzima. Ila nakuomba usimpe binti yako jibu hilo likiwa tupu. Kosa alilolifanya alilifanya pia mmoja wa wanahisabati wakubwa kabisa waliopata kuishi Ulaya, likakaa miaka 92 bila mtu kulisahihisha. Namna lilivyosahihishwa ni kitu ambacho kijana wa kidato cha tatu anaweza kukifuata mwenyewe kwa kalamu na karatasi.

Barua yako ina mambo mawili. Kuna hesabu yenyewe, na kuna mtoto aliyefanya kazi nyingi akaambulia alama ya kosa, sasa usingizi umemruka. Nitaanza na hesabu, maana ukiielewa hata kwa juu juu utajua la kumwambia.

Tukumbushane kwanza namba tasa ni nini. Mwenzako wa meza ya sato akiwa na samaki 12, anaweza kuwapanga mafungu sawa ya wawili wawili, watatu watatu, wanne wanne au sita sita. Akiwa na 13, hapati mafungu sawa kwa namna yoyote; atawauza mmoja mmoja au wote kwa pamoja. Basi 13 ni tasa, 12 si tasa. Swali la mwalimu ni hilohilo, ila samaki ni bilioni nne na ushei.

Binti yako alikosea wapi? Si kwenye kugawanya. Ukigawanya namba ya tarakimu kumi mara 25 na kila mara ukaona kuwa kuna baki, mkono wako uko vizuri. Alikosea mahali pa kusimamia. Namba yoyote isiyo tasa lazima iwe na kigawo tasa kisichozidi kipeuo chake cha pili, yaani ile namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe inakupa namba hiyo. Sababu yake ni nyepesi: namba ikiwa ni zao la namba mbili, haziwezi zote mbili kuwa kubwa kuliko kipeuo hicho, maana ukizizidisha ungeipita namba yenyewe. Kwa hiyo mtu akipewa namba yoyote hadi 10,200, akajaribu namba tasa zote hadi 97 na hakuna iliyoigawanya, anaweza kusema kwa kiapo kwamba ni tasa. Njia ya binti yako kwa namba hizo ni kamili, haina dosari, na nadhani ndiyo aliyofundishwa.

Lakini kipeuo cha pili cha 4,294,967,297 kinaipita 65,536 kwa kiasi kidogo mno. Kati ya 2 na 65,536 kuna namba tasa 6,542, na yeye alijaribu 25. Alichothibitisha ni kwamba namba ile haina kigawo kilicho chini ya 100 isipokuwa 1. Hilo ni kweli kabisa na anastahili kulisema hivyo. Kutoka hapo hadi kusema haina kigawo popote, bado kulikuwa na safari ndefu. Mwambie pia jambo hili, litamfariji: 641 ni namba tasa ya 116 ukihesabu kuanzia 2. Alikuwa amebakiza 91 tu. Kwa subira niliyoiona kwenye maelezo yako, angefika.

Jirani yako mwambie kwa upole kwamba 27 inaishia na 7 nayo ni 3 mara 9. 57 ni 3 mara 19. 77 ni 7 mara 11. Tarakimu ya mwisho inaweza kukuonyesha namba isiyo tasa, kama zile kubwa zinazoishia na 0, 2, 4, 5, 6 au 8. Haiwezi kukuhakikishia kwamba namba ni tasa.

Na simu haikushindwa. 4.294967297E9 maana yake ni kwamba ile nukta uisogeze kulia hatua tisa, na ukifanya hivyo namba yako inarudi ilivyokuwa. Ila hapa natoa tahadhari ya kweli. Namba ikizidi urefu fulani, kikokotoo hukata tarakimu za mwisho kikakuonyesha za mwanzo tu, na katika kugawanyika tarakimu za mwisho ndizo zenye kesi. Jibu lenye desimali ndogo sana pia linaweza kuonekana kwenye skrini kama namba nzima. Kwa hiyo kila mara simu ikikuambia imegawanyika, zidisha urudi nyuma uone kama unapata ileile.

Kuhusu kubeti, hapana. Hakuna namba inayojua mechi itaishaje. Mtaji wako wa dagaa usiguswe kwa maneno hayo.

Sasa tuje kwenye namba yenyewe, kwa sababu mwalimu huyo hakuiokota barabarani. Chukua 2, izidishe kwa yenyewe upate 4. 4 kwa 4 ni 16. 16 kwa 16 ni 256. 256 kwa 256 ni 65,536. 65,536 kwa 65,536 ni 4,294,967,296. Ukiongeza 1 kwenye kila moja unapata mlolongo huu: 3, 5, 17, 257, 65,537, na ya sita ni namba ya binti yako. Hapo pia utaona ile 7 ya jirani inatoka wapi: namba inayoishia na 6 ikizidishwa kwa yenyewe huishia na 6, ukiongeza moja inakuwa 7.

Mfaransa mmoja, Pierre de Fermat, mwanasheria wa Toulouse aliyefanya hisabati kwa mapenzi tu, aliziangalia namba hizi. Tano za kwanza zote ni tasa. Mwaka 1640 akaandika kwenye barua kwamba anaamini mlolongo wote ni wa namba tasa, ingawa alikiri kuwa hana uthibitisho. Wakaamini wengi. Mwaka 1729 Christian Goldbach alimwuliza rafiki yake kijana, Leonhard Euler, aliyekuwa akifanya kazi Saint Petersburg, Urusi, kama ameliona dai hilo la Fermat. Mwaka 1732 Euler akajibu dunia: ya sita si tasa, inagawanyika kwa 641. Alikuwa na miaka 25. Baadaye akachapisha maelezo ya kwa nini vigawo vya namba hizi haviwezi kuwa namba zozote tu. Hilo ndilo nataka binti yako alipate.

Siri iko kwenye kufanya hesabu kwa mabaki, si kwa namba zenyewe. Ukitaka kujua baki la zao la namba mbili, huna haja ya kubeba namba nzima. Chukua baki la kila moja, yazidishe mabaki hayo, kisha gawanya tena. Jaribu kwa 641. Tunaanza na 256, ambayo ni ndogo kuliko 641, kwa hiyo inabaki yenyewe. Mara 256 tena ni 65,536. Humo 641 inaingia mara 102, yaani 65,382, na baki ni 154. Sasa badala ya kuzidisha 65,536 kwa 65,536, zidisha 154 kwa 154, upate 23,716. Humo 641 inaingia mara 36, yaani 23,076, na baki ni 640. Namba ya binti yako ina moja la kuongeza: 640 na 1 ni 641, na 641 inagawanyika kwa 641. Imekwisha. Mistari mitatu ya daftari, na hakuna mahali tulipogusa mabilioni. Kila kigawo anachotaka kukijaribu anaweza kukipitisha kwa hatua hizihizi.

Hilo linapunguza kazi ya kila jaribio. Euler alipunguza na idadi ya majaribio, na hapa nakuomba usome polepole, ikibidi pamoja na mtoto. Tutumie namba ndogo ya mlolongo uleule, 17, ambayo ni 2 kipeo cha 4, yaani 2 × 2 × 2 × 2, ukiongeza 1. Anza na 1, uzidishe kwa mbili kila mara, ukipita 17 toa 17. Unapata 1, 2, 4, 8, 16, 15, 13, 9, kisha unarudi 1. Ni mzunguko wa hatua nane. Tazama katikati yake: baada ya hatua nne uko kwenye 16, yaani pungufu ya moja kufika 17, na baada ya nyingine nne umerudi kwenye 1. Sasa chukua baki ambalo halimo kwenye mzunguko huo, tuseme 3, ufanye vilevile: 3, 6, 12, 7, 14, 11, 5, 10, kisha 3. Nane tena. Mabaki yote kuanzia 1 hadi 16 yamegawanyika kwenye mizunguko miwili iliyo sawa. Ndiyo maana 16 ni kigawe cha 8, yaani 8 inaingia ndani yake bila baki. Kwa namba tasa yoyote isiyo 2 mambo huenda hivyohivyo: mizunguko ya kuzidisha kwa mbili huwa na urefu mmoja, na kwa pamoja huyamaliza mabaki yote, kwa hiyo namba tasa ukiitoa 1 huwa ni kigawe cha urefu wa mzunguko.

Tupeleke jambo hilo kwenye namba yetu. Namba ya binti yako ni 2 kipeo cha 32 ukiongeza 1; tuseme kuna namba tasa inayoigawanya. Basi ukianza na 1 na kuzidisha kwa mbili mara 32, unafika pungufu ya moja. Ukiendelea mara nyingine 32, unarudi kwenye 1. Jumla ni hatua 64. Haiwezekani kuwa mzunguko ulishafunga kabla ya hapo kwa hatua 32, 16 au chini yake, kwa sababu ungekuwa umefunga hivyo, kwenye hatua ya 32 tungekuwa tumesimama kwenye 1, na sisi tunajua tulikuwa pungufu ya moja. Kwa hiyo mzunguko ni wa hatua 64 kamili, na namba tasa tunayoitafuta, ukiitoa 1, lazima iwe kigawe cha 64.

Ona uzito wa maneno hayo. Zile namba tasa 25 za binti yako hazikuwa na nafasi hata moja ya kufaulu. Si 3, si 7, si 97. Nazo hazikuwa za bure: afungue daftari aangalie alipogawanya kwa 3, kwa 5 na kwa 17, ataona kwamba kila mahali baki ni 2. Hiyo si bahati. Ukizidisha 3, 5, 17, 257 na 65,537 zote kwa pamoja unapata 4,294,967,295, yaani namba yake ikipungua 2. Namba mbili za mlolongo huu hazishirikiani kigawo hata siku moja, isipokuwa 1.

Basi tuorodheshe namba zinazozidi kigawe cha 64 kwa moja: 65, 129, 193, 257, 321, 385, 449, 513, 577, 641. Tukiacha zisizo tasa tunabaki na 193, 257, 449, 577 na 641. Pitisha kila moja kwenye hatua zile tatu. 193 inabakiza 109. 257 inabakiza 2, kama tulivyotarajia. 449 inabakiza 325. 577 inabakiza 288. Ya tano ni 641, na haibakizi kitu. Kutoka namba tasa 6,542 tumeshuka hadi majaribio matano, jioni moja, tena kabla ya chakula.

Mfaransa mwingine, Édouard Lucas, alionyesha mwaka 1878 kwamba kwa namba hizi mtu anaweza hata kutumia 128 badala ya 64, na 641 ni 5 mara 128 ukiongeza 1. Hilo linasaidia swali ambalo mwalimu huenda akaliuliza baadaye: je, 6,700,417 nayo inagawanyika? Kipeuo chake cha pili hakifiki 2,589, na namba tasa zinazozidi kigawe cha 128 kwa moja chini ya hapo ni tano tu: 257, 641, 769, 1,153 na 1,409. Mabaki yake ni 170, 44, 120, 334 na 622, kwa mpangilio huo. Hakuna sifuri. Kwa hiyo 6,700,417 ni tasa, na namba ya binti yako ina vigawo vinne tu: 1, 641, 6,700,417 na yenyewe.

Kanuni inayosema namba tasa ukiitoa 1 ni kigawe cha urefu wa mzunguko ni ya Fermat mwenyewe, aliiandika mwaka uleule wa 1640. Alikuwa na ufunguo mfukoni na hakuufungulia mlango huo. Simsemi vibaya. Namtaja ili binti yako ajue kwamba kuona dalili tano nzuri na kuamini ya sita itafuata ni jambo linalowapata hata wenye akili nyingi, na dawa yake ni uthibitisho. Na kama anadhani umri wake ni mdogo, mwaka 1812 mtoto wa Kimarekani aitwaye Zerah Colburn, aliyezaliwa 1804, alipelekwa London kuonyesha kipaji chake cha hesabu za kichwani. Aliulizwa vigawo vya namba hiihii, akataja 641 na 6,700,417.

Njia za kufuata ni kadhaa na kila moja ina gharama yake. Kuendelea kugawanya moja baada ya nyingine ni njia halali, na hapa ingefaulu kwa sababu 641 iko karibu. Lakini hakuna aliyemwahidi kwamba iko karibu. Namba nyingine yenye ukubwa huo ingeweza kuwa na kigawo cha kwanza karibu na 65,000, na kwa dakika mbili kila jaribio hiyo ni kazi ya saa zaidi ya 200. Programu ya kompyuta itampa jibu papo hapo. Aitumie kuhakiki, asianze nayo, maana itampa 641 bila kumwambia kwa nini. Njia ya mabaki na 64 ndiyo ninayompendekezea kwa moyo wote.

Ipo na njia ya nne, nami naitaja kwa sababu umelalamika kidogo kwamba mwalimu alisema si tasa bila kutaja kigawo. Mwaka 1877 Théophile Pépin alitoa kipimo kinachoweza kuthibitisha kuwa namba ya mlolongo huu si tasa bila kuonyesha inagawanyika kwa ngapi. Namba ya nane katika mlolongo, yenye tarakimu 39, ilijulikana si tasa mwaka 1905, lakini vigawo vyake vilipatikana 1970. Zipo nyingine kubwa zaidi ambazo tunajua kwa hakika si tasa na hadi leo hakuna anayejua hata kigawo chake kimoja. Na hadi leo hakuna aliyepata namba tasa ya sita katika mlolongo huo, wala aliyethibitisha kwamba haipo. Kwa hiyo mwalimu hakuwatendea vibaya. Aliwaachia sehemu tamu.

Unaweza kuuliza haya yote yanaleta nini mezani. Mwaka 1796 kijana Carl Friedrich Gauss, hajatimiza miaka 19, aligundua kwamba 17 kuwa namba tasa ya mlolongo huu ndiko kunakowezesha kuchora umbo la pande 17 zilizo sawa kwa rula na bikari tu, jambo lililokuwa limewashinda watu tangu Wagiriki wa kale. Karibu na maisha yako zaidi, 4,294,967,296, ile iliyo moja nyuma ya namba ya binti yako, ndiyo idadi ya anwani zote zilizowezekana katika mfumo wa zamani wa intaneti ambao bado unatumika. Na 65,537 iko kazini kila siku: tovuti nyingi za benki na biashara huitumia katika kufunga ujumbe usisomwe njiani. Ufungaji huo, uliotangazwa 1977 na Rivest, Shamir na Adleman, unategemea ugumu uleule uliomkosesha usingizi mtoto wako: kuzidisha namba mbili tasa ni rahisi, kuzitenganisha tena ni kazi. Mwaka 2020 watafiti walifaulu kutenganisha namba ya tarakimu 250 kwa kutumia kompyuta nyingi sana. Zinazotumika kwa ulinzi kwa kawaida zina tarakimu zaidi ya 600.

Sasa twisheni. Kwa haya uliyoniandikia, mimi nisingeilipia. Mtoto anayegawanya kwa usahihi namba ya tarakimu kumi, akaendelea hadi daftari likajaa kwa sababu anataka kujua, hana upungufu wa bidii wala wa hesabu. Alikosa kanuni moja, ile ya kipeuo cha pili. Pesa hiyo ibaki kwenye mtaji hadi giza lirudi ziwani. Twisheni ingekuwa na maana kama anakwama kwenye kugawanya kwenyewe, au kwenye sehemu na desimali, na hilo utalijua kwa kuangalia majaribio yake mengine.

Msaada wa ana kwa ana anaouhitaji uko shuleni kwake. Aende na daftari lile lililojaa, si karatasi safi, amwonyeshe mwalimu alipofika, na amwombe dakika chache za kumweleza kwa nini tunasimama kwenye kipeuo cha pili. Kama hatua ya mizunguko haimwelei, na kwa kusoma tu inaweza isimwelee, mwalimu akiichora ubaoni kwa 17 itafunguka. Aulize kama shule ina klabu ya hisabati. Chama cha Hisabati Tanzania, CHAHITA, huandaa mashindano kwa wanafunzi wa sekondari, na mtoto wa namna hii anafaa kuwa huko. Wewe mwenyewe, hata kwa darasa la saba, unaweza kumsaidia: mwache akueleze kwa maneno yake ile mistari mitatu ya 641, na pale utakapopotea mwambie umepotea. Akiweza kukufikisha wewe, ameelewa.

Kukosa usingizi ni habari tofauti. Usiku mmoja au miwili kwa ajili ya swali tamu, ni ujana. Lakini akiendelea wiki mbili tatu halali, hali chakula vizuri, au analia kila anapowekewa kosa, hapo si namba tena. Zungumza na mwalimu wa ushauri nasaha shuleni, na ikibidi mpeleke kituo cha afya.

Akishamaliza hii atataka nyingine, nawajua. Mpe ya saba: 18,446,744,073,709,551,617. Mwambie simu itaikata tarakimu, kwa hiyo atumie mabaki tu, na safari hii vigawo tasa vyake vyote vinazidi kigawe cha 256 kwa moja. Kilicho kidogo kina tarakimu sita. Fortuné Landry alikipata mwaka 1880, akiwa na zaidi ya miaka 80, bila mashine yoyote ya kisasa. Ni kazi ya likizo, mama, si ya usiku wa kuamkia shule.